Mvuke wa Bonde la Ufa, Kodi Yetu na Kazi za Mashinani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa nikiandika habari za nishati nikiwa Nakuru kwa muda sasa, na maswali ninayopokea kuhusu jotoardhi ni yale yale: barazani, kwenye matatu, na siku moja hata matangani, mzee mmoja aliponivuta kando kuniuliza kama ule mvuke wa Menengai, mlima wetu wenye kreta hapa Nakuru, ni wa serikali au ni wa Mungu. Nimeyakusanya hapa. Mengine yana majibu marefu, mengine sentensi mbili zinatosha.

Jotoardhi ni nini, na serikali iliingiaje?

Chini ya Bonde la Ufa miamba ya moto iko karibu na uso wa ardhi kuliko kwingineko. Maji ya mvua yakipenya kwenye nyufa hupata joto kali huko chini. Ukichimba kisima cha kilomita 2 au 3 mahali panapofaa, yanapanda yakiwa mvuke wenye nguvu ya kuzungusha mtambo wa kufua stima.

Ukilisema kwa mdomo ni jambo jepesi. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, karibu na Naivasha, vilichimbwa katika miaka ya 1950 na havikutoa kitu cha maana. Kazi ikalala. Ilifufuliwa miaka ya 1970 kwa pesa za serikali na za Umoja wa Mataifa, na bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 kila mtu akaona sababu. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa 1981. Kufikia 1985 ilikuwa mitatu, megawati 45 kwa jumla. Hesabu mwenyewe: kutoka kisima cha kwanza hadi taa ya kwanza ni kama robo karne. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kungoja hivyo.

(Wenzetu wa Katanga, kule Kongo, hukasirika wakisikia Olkaria ikiitwa ya kwanza Afrika, na wana haki. Kiabukwa kulikuwa na kimtambo cha kilowati 200 tangu 1952, kikitumia maji ya moto kuhudumia mgodi.)

Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na zaidi ya 40% ya stima tunayotumia inatoka huko.

Kwa nini pesa za umma? Kama ni biashara nzuri, si kampuni zingejileta?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Kisima kimoja hugharimu dola milioni kadhaa. Kadirio linalotajwa sana ni milioni 5 hadi 7. Pesa hizo zinatoka kabla hujajua kama kuna mvuke. IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na kampuni binafsi, lilichunguza zaidi ya visima 2,500 duniani na kukuta kwamba karibu 78% vilifaulu. Inapendeza. Lakini ukitazama visima vya mwanzo tu, vile vya kubahatisha katika eneo jipya, kiwango kinashuka hadi karibu 59%. Na eneo haliwi eneo mpaka uchimbe vitatu au vinne vya namna hiyo. Nenda benki uombe mkopo wa dola milioni 20 za kutoboa mashimo ambayo manne kwa kila kumi huenda yakawa makavu, uone kama utapewa hata chai.

Waulize Wanyarwanda. Serikali yao ilichimba kwenye miteremko ya Karisimbi kwa pesa zake. Kisima cha kwanza kilifika kama kilomita 3 mwaka 2013, na huko chini hakukuwa na joto la kutosha. Pesa zikaenda. Mimi siwacheki, kwa sababu nchi ikiamua kutafuta lazima ikubali kwamba kuna siku itarudi mikono mitupu. Kosa ni kuwaahidi wananchi stima kabla ya kisima kujibu.

Ndiyo maana mwaka 2008 Kenya iliunda GDC, kampuni ya serikali ambayo kazi yake hasa ni kubeba hofu hiyo: ichunguze, ichimbe, ithibitishe mvuke upo, halafu iuze mvuke huo kwa atakayejenga mtambo. Kwa hiyo kodi yako hainunui stima moja kwa moja, inanunua ile hatari ambayo mwenye pesa zake hataki kuigusa.

Huo ni utafiti au ni kuchimba tu?

Ni utafiti, na wanaodhani utafiti ni watu waliovaa koti jeupe pekee wangefaa kukaa usiku mmoja kwenye rigi, ule mtambo wa kuchimbia visima.

Kabla ya rigi kufika, wataalamu hutembea eneo zima wakipima jinsi umeme unavyopita kwenye miamba ya chini, wakichota gesi kwenye matundu yanayofuka, wakichora ramani ya nyufa. Rigi ikishaanza, haizimwi usiku wala mchana. Kila baada ya mita 2 kijana anakinga vipande vya mwamba vinavyopanda na matope, anaviosha kwenye chujio, anavitia kwenye mfuko wenye namba na kumpelekea mwanajiolojia aliye kwenye kontena pembeni na hadubini yake. Anatafuta nini? Madini yanayosema habari za joto. Akiona epidoti, vipunje vya kijani kama pistachio, anajua mwamba ule umepata kupikwa kwa nyuzi kama 250 hivi. Nimewahi kuonyeshwa vipunje hivyo usiku mmoja wa baridi kali ya Menengai. Kwa macho yangu ilikuwa changarawe ya kijani, lakini yule dada aliyekuwa kwenye hadubini alitabasamu kama mtu aliyepata ujumbe wa M-Pesa.

Menengai ilitushangaza zaidi. Katika visima kadhaa, kwenye kina cha kama kilomita 2, kilichopanda ni vipande vya kioo cheusi. Maana yake walikuwa wamegusa magma yenyewe, mwamba ulioyeyuka, ikaganda ghafla ilipokutana na maji ya kuchimbia. Waisilandi walikumbana na jambo hilo hilo Krafla mwaka 2009. Maarifa hayo hayapo kwenye kitabu cha shule. Yamelipiwa na kodi, kisima kwa kisima.

Pesa zenyewe zinatoka wapi hasa?

Mifuko mitatu. Wa kwanza ni Hazina ya Taifa, kupitia bajeti ya kila mwaka. Wa pili ni mikopo ya masharti nafuu: Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha wa Menengai mwaka 2011, na benki ya Ujerumani ya KfW imesaidia mradi wa Baringo na Silali. Wa tatu ni ruzuku, hasa mfuko wa Umoja wa Afrika ulioanzishwa 2012 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, ambao hulipa sehemu ya gharama ya uchunguzi na ya visima vya kwanza.

Mkopo nafuu ni mkopo. Nasema hivi kwa sababu wanasiasa wetu hupenda kusema "tumeletewa pesa".

Mbona Menengai ilichelewa hivyo?

Rigi ilianza kazi Februari 2011. Stima ya kwanza kutoka kwa mmoja wa wawekezaji watatu, kila mmoja wa megawati 35, ilipatikana 2023. Miaka kumi na miwili.

Mvuke haukuwa shida. Ulikuwapo mapema, visima vimefungwa vikingoja. Kilichokwama ni karatasi. Mwekezaji hawezi kupata mkopo mpaka mkataba wa kuuza stima usimame, na benki haiuamini mkataba huo mpaka serikali itie sahihi barua ya kusema itasimama naye mambo yakiharibika. Barua hizo zilizunguka ofisini miaka. Wakati huo wote deni la kuchimba lilikuwa linahesabiwa riba.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mpango mzima unapovuja. Tumejifunza kutafuta mvuke vizuri kuliko nchi nyingine yoyote Afrika, lakini bado hatujajifunza kusaini barua. KenGen, kampuni kubwa ya kufua stima nchini, walipata njia ya kupunguza hasara hii: wanaweka mtambo mdogo juu ya kisima chenyewe, kinaanza kuuza stima wakati kituo kikubwa kikisubiriwa. Walianza hivyo Eburru, karibu na Naivasha, mwaka 2012, na kimtambo cha kama megawati 2.5.

Sasa kazi. Ni kazi ngapi?

Yeyote anayekupa namba moja anakudanganya, maana inategemea unauliza mwezi gani.

Wakati wa kuchimba na kujenga, watu ni wengi: madereva wa malori, mafundi wa kuchomelea, wa mabomba, wa saruji, wapishi, walinzi, wenye vyumba vya kupangisha, mama wa chapati nje ya geti. Naivasha iliyajua maisha hayo 2012 hadi 2014, Olkaria IV na nyongeza ya Olkaria I zilipokuwa zikijengwa, megawati 280 kwa pamoja. Kisha kituo kinafunguliwa, rais anakata utepe, na mwezi unaofuata vibarua wanarudishwa nyumbani. Kituo kikubwa kikishasimama kinaendeshwa na watu wachache kwa zamu, wengi wao wakitazama skrini. Ndivyo jotoardhi ilivyo: haina makaa ya kupakia wala mafuta ya kusafirisha. Usafi wake na uchache wa kazi zake vinatoka chanzo kimoja.

Kwa hiyo ukitaka ajira ya kudumu usitazame stima. Tazama mambo mawili mengine.

La kwanza ni joto lenyewe. Maua ya Naivasha yamekuwa yakipashwa moto wa jotoardhi kwa miaka: joto usiku hukausha unyevu ndani ya nyumba za kioo, kuvu inapungua, na dawa pia. Eburru, tangu enzi za walowezi, kulikuwa na kikaushio cha pareto kinachotumia mvuke. Menengai GDC waliweka vielelezo vinne: nyumba ya mboga, mabwawa ya samaki, dobi, na mtambo mdogo wa kuchemsha maziwa. Huo wa maziwa ndio ulionigusa. Maji ya moto yanapita upande mmoja wa bati, maziwa upande wa pili, hayakutani, na maziwa yanatoka yako salama bila kuchoma gunia la kuni. Nyandarua na Nakuru zina maziwa mengi, na umeme na dizeli ndivyo vinavyokula faida ya ushirika wa wakulima. Kazi zinazotoka hapo zinabaki: za mkusanyaji maziwa, fundi, dereva, mwenye duka. Tatizo ni kwamba vielelezo vimebaki vielelezo. Miaka inapita tukiwapeleka wageni kuvitazama, na hakuna kiwanda.

La pili ni ujuzi. Vijana waliokuwa wakiosha changarawe Olkaria miaka ya 2000 ndio leo wanaochimbia watu wengine. KenGen ilipata kandarasi za kuchimba Ethiopia mwaka 2019, kisha Djibouti 2021. Hizo ni kazi za nje zilizozaliwa na kodi ya ndani, ingawa sijawahi kusikia mbunge akizitaja jukwaani.

Mbona mtoto wa hapa haajiriwi, anakuja wa mbali?

Sheria ya Nishati ya 2019 inawataka wenye leseni watangulize watu na bidhaa za nchini. Lakini "za nchini" si "za kijijini", na mkandarasi mdogo anayepewa kazi na mkandarasi mkubwa huja na watu wake.

Nitasimulia nililoona. Kijana wa jirani yangu alikwenda getini siku tatu mfululizo na cheti chake cha kuchomelea. Siku ya nne mkandarasi fulani alimwambia wazi kwamba cheti ni sawa, ila bomba la mvuke linahitaji mtu aliyefanyiwa mtihani wa kuchomea mabomba ya shinikizo, na yeye hakufanyiwa. Alirudi na hasira, akasema ni ukabila. Inawezekana kulikuwa na ukabila pia, simkatalii. Lakini mtihani ule haukuwapo kwenye chuo chochote alichoweza kulipia, na mradi ulikuwa umejulikana miaka sita kabla. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kufundisha mafundi hamsini wa wadi hiyo kabla bomba la kwanza halijashuka kwenye lori.

Ndiyo maana nikisikia "asilimia fulani ya kazi kwa wenyeji" nauliza kwanza: mafunzo yalianza lini? Kama yanaanza pamoja na ujenzi, wenyeji watapata kufyeka na ulinzi.

Mrabaha je? Tunaambiwa tuna 5%.

Asilimia tano ya nini, hapo ndipo watu hupigwa chenga. Chini ya sheria ya 2019 mwenye leseni hulipa mrabaha wa kati ya 1% na 2.5% ya thamani ya nishati katika miaka kumi ya mwanzo, na kati ya 2% na 5% baadaye. Mrabaha huo ndio unaogawanywa: 75% serikali kuu, 20% kaunti, 5% jamii ya eneo, kupitia mfuko wenye wadhamini.

Tufanye hesabu ya kitabu tu. Nishati ya shilingi bilioni 1, mrabaha 2.5%: milioni 25. Kaunti inapata milioni 5. Jamii inapata milioni 1.25. Ni darasa moja na choo, tena kama hakuna aliyekula njiani. Si kitu cha kudharau kikija kila mwaka, lakini asikuambie mtu kwamba kitaajiri vijana.

Na Wamaasai waliohamishwa Olkaria?

Mwaka 2014 vijiji vinne vilihamishwa kupisha Olkaria IV, wakapelekwa mahali panapoitwa RAPland. Walijengewa nyumba za mawe na shule. Walilalamika kuhusu ardhi yenyewe, mabonde na makorongo, barabara, hati, na umbali kutoka mahali walipokuwa wakiuzia shanga watalii. Malalamiko yalifika Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na 2015 ukafanywa usuluhishi.

Mimi naandika kuhusu kazi, basi nitasema upande huo mmoja. Familia iliyopoteza soko la shanga imepoteza ajira, na ajira hiyo haikuandikwa kwenye daftari lolote la mradi, kwa sababu waliohesabu walihesabu nyumba na mifugo.

Mbona bili ya stima haishuki?

Kwa sababu unalipa pia nyaya, kodi, dizeli inayowashwa mahitaji yakipanda jioni, na mikataba ya zamani. Jotoardhi imetuokoa na kitu kingine: mgao wa stima kama ule wa mwaka 2000, mabwawa yalipokauka. Mvuke haujui kiangazi.

Ni safi kweli? Mbona kunanuka?

Harufu ya yai viza ni gesi ya salfa, na iko tangu zamani kwenye matundu ya asili. Hewa ya ukaa hutoka kidogo, chini mno kuliko dizeli. Maji yaliyotumika hurudishwa chini kwa visima vingine. Yakiachwa juu yana madini yasiyofaa kwa mifugo, kwa hiyo ukiona dimbwi halijazungushiwa ua, piga kelele.

Vyuo vikuu vyetu viko wapi katika haya?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema mfuko wa taifa wa utafiti upewe 2% ya pato la taifa kila mwaka. Haijawahi kutokea, wala haijakaribia. Kwa hiyo kwa miaka mingi mwalimu wetu amekuwa Iceland: kozi ya miezi sita jijini Reykjavik, iliyoanza 1979 kwa pesa za serikali yao, na Kenya ndiyo iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko nchi yoyote. Chuo cha Dedan Kimathi kule Nyeri sasa kina taasisi yake ya jotoardhi, ambayo ni mwanzo mwema. Lakini rigi ziko kwa kampuni, takwimu za visima ziko kwa kampuni, na mwanafunzi wa uzamili anaandika barua kuomba namba ambazo kodi ya baba yake ilizilipia.

Na majirani?

Tanzania iliunda TGDC, kampuni yake ya jotoardhi, mwaka 2013 na macho yake yako Ngozi na Kiejo-Mbaka, upande wa Mbeya. Uganda ina Kibiro, Buranga na Katwe. Wote wako pale tulipokuwa miaka ya 1970, isipokuwa wao wana jirani wa kumuuliza.

Mtoto wangu amemaliza kidato cha nne. Asome nini ili apate kazi huku?

Kama alama zinaruhusu, jiolojia, kemia au uhandisi wa mitambo. Kama haziruhusu, usimdharau: kuchomelea, umeme wa viwandani, au ufundi wa pampu na vali katika chuo cha ufundi (TVET) kilicho karibu. Aulize jambo moja kabla ya kulipa karo: je, mwishoni kuna mtihani wa mabomba ya shinikizo? Kama mwalimu hajui unachozungumzia, mshukuru, chukua mtoto, nenda chuo kinachofuata.

Na ajifunze kuogelea kwenye Excel. Yule dada wa hadubini aliniambia nusu ya kazi yake iko humo.